Umeme ukikatika Unguja nzima, nyumba iwe na nini?

Mama Wawili, Fuoni: Assalaam aleikum. Maji yetu ya pampu, pesa zimo kwenye simu, na mama mkwe anachoma insulini. Nianze na nini?

Babu wa Jang'ombe: Waaleikum salaam mwanangu. Anza na maji, taa baadaye. Disemba 2009 waya wa chini ya bahari ulipoharibika, tulikaa bila umeme hadi Machi 2010. Giza tulilizoea, ukame wa mifereji ndio uliotutoa jasho. Weka madumu ya lita 20, yajazwe maji yakiwa yanatoka, pipa lifunikwe mbu wasizae. Usijaze samaki frizani, nunua wa leo. Akibaki mfanye ng'onda, yaani mpasue umkaushe juani. Jenereta ukinunua, ikae nje mbali na madirisha, moshi wake unaua watu usingizini. (Na kelele zake, jirani hakusamehe.)

Nesi Mstaafu: Bi, chupa ya insulini iliyokwisha funguliwa kwa kawaida hukaa wiki nne nje ya friji, joto lisipozidi nyuzi 30. Msimu wa kaskazi, wakati wa joto kali, huzidi hapo. Tia chupa kwenye mfuko usioingia maji, kisha ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo. Usiilaze juu ya barafu. Ikiganda imeharibika, itupe.

Mama Wawili, Fuoni: Ahsanteni. Na pesa?

Babu wa Jang'ombe: Noti ndogondogo, mwanangu. Mwenye duka hatakuwa na chenji, na minara ya simu nayo betri zake huisha.