Naomba ushauri: baada ya mwisho mbovu wa Dexter, niendelee?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza misimu yote minane ya tamthilia ya Dexter (2006–2013), yule mchunguza damu wa polisi Miami anayewawinda wauaji wenzake, na bado nina kinyongo. Mtu anautupa mwili wa dada yake baharini, anaiingiza boti kwenye kimbunga, halafu tunakuja kumwona Oregon na ndevu, anakata magogo! Misimu minane ndiyo hiyo?

Sasa kuna mwendelezo wake, New Blood ya 2021, sehemu 10, na nimesikia Clyde Phillips aliyesimamia misimu minne ya kwanza (ile mitamu) ndiye aliyerudi kuiongoza. Nimeonja sehemu mbili. Theluji tupu, jamaa kabadili jina, anauza vifaa vya uwindaji, na marehemu dada bado anamfokea kichwani. Si mbaya, ila inajivuta, na bando langu si la kuchezea.

Maswali yangu mawili, bila kunimwagia mwisho tafadhali: New Blood inaponya kidonda cha 2013 au inakitonesha? Na nikiiruka niende moja kwa moja kwenye mwendelezo unaofuata, Resurrection ya 2025, nitaelewa, au nitakuwa kama mgeni aliyefika msibani bila kujua nani kafa?