Siku mbili na nusu Nepal: Bhaktapur na Nagarkot, kebo ya Chandragiri, au Pokhara?

Kiguu na Njia

Habari za humu wakuu. Mwishoni mwa Oktoba nitakuwa Kathmandu kikazi. Kazi inaisha Alhamisi mchana, ndege yangu ya kuondoka ni Jumapili asubuhi. Nataka kuona mahekalu, na nataka kuiona milima ya theluji kwa macho yangu. Kupanda mlima hapana, magoti yameshagoma siku nyingi. Nataka safari ya gari yenye mwongozaji, basi.

Wakala ameniletea machaguo matatu. La kwanza ni kuzunguka mjini: Swayambhunath, Pashupatinath, Boudhanath na Patan kwa siku moja, halafu kesho yake gari la kebo la Chandragiri. La pili ni mji wa kale wa Bhaktapur, hekalu la Changu Narayan, kulala Nagarkot na kurudi. La tatu ni Pokhara kwa ndege, kulala huko na kuamkia kilima cha Sarangkot.

Mliowahi kufika mnasemaje? Bei tuiweke kando kwanza, nijue kipi kina maana.

Mama Zuhura

Karibu sana. La pili, tena usisite.

Sababu ni moja. Kule milima inaonekana alfajiri. Jua likishapanda, mawingu na vumbi la bonde vinaanza kuifunika, na kufikia saa nne au tano asubuhi unaweza kuwa unatazama ukuta mweupe tu. Kwa hiyo usihesabu mahekalu mangapi yameandikwa kwenye ratiba, angalia umepangiwa kulala wapi. Ukilala Kathmandu itabidi uamke usiku wa manane kuyakimbilia mawio. Nagarkot iko kwenye ukingo wa mashariki wa bonde, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukichagua chumba kinachotazama kaskazini, unavuta pazia tu. Utaiona safu ya Langtang, Ganesh Himal upande wa kushoto, na Dorje Lakpa ambayo wengi huipiga picha wakidhani ni Everest.

Na hiyo Everest usidanganywe. Siku ikiwa safi kabisa inaonekana kutoka Nagarkot, lakini ni kidoa mbali huko upeoni, na bila mtu wa kukuonyesha kwa kidole huitambui.

Bwana Ramani

Namuunga mkono Mama Zuhura kuhusu kulala Nagarkot, ila mpangilio wa wakala wako siuafiki. Anakupeleka Bhaktapur kwanza, maana yake unafika saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile mabasi yote ya watalii yanashusha watu. Mwambie ageuze. Alhamisi mkitoka kazini nendeni Nagarkot moja kwa moja. Ni kama kilomita 32 hivi kutoka mjini, lakini hesabu saa mbili kwa sababu ya foleni na kona. Ijumaa mnashuka Changu Narayan, kisha Bhaktapur, na unalala hapo hapo Bhaktapur.

Bhaktapur ya saa kumi na mbili asubuhi ni mji mwingine. Wanawake wanapita na sinia za shaba zenye maua, wali na unga mwekundu, wanapaka kila sanamu ndogo iliyoko ukutani, kengele zinalia kila pembe, na mtalii humwoni. Kwenye uwanja wa Taumadhi kuna Nyatapola, hekalu la orofa tano lililojengwa mwaka 1702 enzi za mfalme Bhupatindra Malla. Ngazi zake zina walinzi wa mawe wawili wawili: chini kabisa wapiga mieleka, Jaimal na Patta, wanaosemekana kuwa na nguvu mara kumi ya mtu wa kawaida, juu yao tembo, nguvu mara kumi ya wapiga mieleka, kisha simba, kisha viumbe wenye vichwa vya ndege, na juu kabisa miungu wa kike wawili, Baghini na Singhini. Mlangoni ndio mwisho wako, ndani huingia makuhani tu. Mungu wa humo ni Siddhi Lakshmi.

Magoti yako yatazilalamikia ngazi hizo, ni za mwinamo mkali. Kaa chini kwa wapiga mieleka, unaona vizuri vilevile.

Wageni hulipa kiingilio cha mji. Ukilala, waombe dirishani wakuandikie siku za ziada kwenye tiketi hiyo hiyo, nenda na pasipoti.

Pweza wa Bara

Jamani mbona Pokhara mnairuka hivi hivi?

Huko Nagarkot milima iko mbali, ni mstari mweupe upeoni. Pokhara inakusimamia mbele ya uso. Mji uko kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, halafu hapo hapo kaskazini unainuka Machhapuchhre, mita 6,993, wenye kilele kilichochongoka, na nyuma yake safu ya Annapurna ambayo kilele chake kikuu kina mita 8,091. Hakuna vilima vingi vya kukuzibia katikati. Alfajiri ukiwa Sarangkot unaona rangi inashuka kutoka kileleni kwenda chini, ya waridi, kisha ya dhahabu, kisha nyeupe. Machhapuchhre ni mlima mtakatifu wa mungu Shiva na hauruhusiwi kupandwa.

Mahekalu pia yapo. Tal Barahi liko kisiwani katikati ya ziwa Phewa, unavuka kwa mtumbwi. Bindhyabasini liko kilimani ndani ya mji. Na asiyepanda milima anapumzika ziwani.

Mama Zuhura

Pweza, kwa mandhari peke yake umeshinda, sibishani. Kwa mahekalu umeshindwa. Tal Barahi ni dogo na uzuri wake ni lile ziwa. Anayetaka nakshi za mbao, matofali mekundu na mapaa yaliyopandana anabaki bonde la Kathmandu.

Halafu mwenzetu ana ndege Jumapili asubuhi. Kurudi kutoka Pokhara kwa ndege ni chini ya nusu saa angani, lakini ndege za ndani husubiri ukungu uondoke, na siku nyingine hauondoki mapema. Kwa barabara ni kama kilomita 200 zinazokula siku nzima. Mimi nisingeweka Pokhara mwishoni mwa safari. Mwanzoni, sawa.

Kiti cha Dirishani

Hamjataja ndege ya kutazama Everest. Inaruka Kathmandu alfajiri, inakaa angani kwa muda wa saa moja hivi, inarudi pale pale, kila abiria ana dirisha lake. Kama kiu yako ni kuuona mlima wa mita 8,848.86 na si kidoa, njia ni hiyo. Ni ghali, na inaahirishwa hali ya hewa ikikataa. Uliza mapema kama utarudishiwa hela au utasogezwa siku nyingine, maana wewe siku nyingine huna.

Mjukuu wa Fundi Mawe

Nimesoma yote. Naona mnalitupa chaguo la kwanza kwa sababu ya hiyo kebo, na mahekalu ya mjini yanaenda nayo.

UNESCO iliorodhesha bonde la Kathmandu kwenye urithi wa dunia mwaka 1979 kwa maeneo saba: viwanja vya kifalme vya Kathmandu, Patan na Bhaktapur, stupa (kuba kubwa za ibada ya Wabuddha) za Swayambhunath na Boudhanath, na mahekalu ya Pashupatinath na Changu Narayan. Kila moja lina tabia yake. Tatizo la wakala ni kuyabana manne ndani ya siku moja, ukifika la nne unatazama saa tu. Chagua mawili.

Mimi ningechagua Pashupatinath na Boudhanath, kwanza kwa sababu yako karibu karibu na yote yako upande wa uwanja wa ndege. Pashupatinath hekalu kuu ni la Wahindu peke yao, mgeni utaishia nje. Unavuka mto Bagmati, unakaa ukingo wa mashariki na kutazama upande wa pili. Chini ya hekalu ndipo wanapochomwa maiti, hadharani, ndugu wamesimama. Mwongozaji mzuri atakwambia uweke kamera mfukoni bila wewe kuuliza. Asiyekwambia hivyo, mshuku.

Boudhanath nenda jioni. Watu wanazunguka stupa kwa kufuata mwelekeo wa saa, watawa, bibi wenye tasbihi, vijana wanaotoka kazini, na wewe unaingia tu katika mkondo. Huhitaji maelezo ya mtu yeyote. Mnara wa juu uliharibiwa na tetemeko la 25 Aprili 2015, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata.

Nimelitaja tetemeko kwa makusudi. Lilikuwa la ukubwa wa 7.8 na liliua watu karibu 9,000. Bhaktapur hekalu la Vatsala Durga lilianguka chini, na hilo unaloliona leo limejengwa upya. Nyatapola lilibaki limesimama. Muulize mwongozaji wako kipi ni cha kale na kipi ni kipya. Ukitazama mbao za nguzo utajua mwenyewe, za zamani zimekuwa nyeusi na kingo zake zimelainika, mpya bado zina rangi ya asali.

Na Changu Narayan msilipite mbio. Lina maandishi ya mfalme Manadeva ya mwaka 464, na Garuda (kiumbe nusu mtu nusu ndege) wa jiwe aliyepiga goti akitazama mlango. Wengi hukaa dakika ishirini wakakimbilia Bhaktapur.

Kiguu na Njia

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Huyo mwongozaji ni lazima kisheria, au wakala ananiongezea gharama? Na kebo ya Chandragiri niitoe kabisa? Kwa magoti yangu ilinivutia.

Bwana Ramani

Kwa kutembelea mahekalu si lazima. Sheria iliyotangazwa mwaka 2023 inahusu wanaotembea milimani kwa miguu. Lakini Bhaktapur na Changu Narayan bila mtu wa kukueleza utaona mbao na mawe tu. Chukua mwenye kitambulisho cha leseni, na umwombe akionyeshe, hawakasiriki.

Jambo la kuweka wazi kabla ya kulipa ni maduka. Kuna waongozaji wakifika Bhaktapur wanakuingiza kwenye “shule” ya uchoraji wa thangka, picha za dini ya Kibuddha kwenye kitambaa. Unakaribishwa chai, unaonyeshwa mchoro uliochukua miezi, kisha zinafunguliwa zilizokunjwa moja baada ya nyingine. Ukitoka hapo kuna duka la bakuli za shaba zinazolia, unawekewa moja kichwani. Kazi nyingine ni nzuri kweli, ila saa nzima imekwenda na mwongozaji ana asilimia yake. Mimi ilinitokea, hekalu nililolifuata nikalikuta giza limeingia. Mwandikie wakala kabisa: bila maduka. Kisha mpe mwongozaji bahashishi ya maana mwishoni, kwa sababu umemkatia riziki.

Chausiku

Chandragiri naitetea mimi. Nilimpeleka mama yangu ambaye ngazi hawezi, na hapo alifika mita 2,500 bila kupanda. Kebo ina urefu wa kama kilomita 2.4, inapita juu ya msitu, na kileleni kuna hekalu la Bhaleshwor Mahadev. Kuna pia sanamu ya mfalme Prithvi Narayan Shah, ambaye inasimuliwa alisimama mlima huo akalitamani bonde, na mwaka 1768 akaliteka.

Ubaya wake ni mawili. Inafunguliwa jua likiwa limeshatoka, kwa hiyo mawio sahau. Na wewe siku iliyobaki ni Jumamosi, ambayo Nepal ndiyo mapumziko ya wiki. Familia zote ziko kwenye foleni. Iko pia upande wa Thankot, magharibi, wakati mambo yako mengine yote yako mashariki. Ungekuwa na Jumatano ningesema nenda.

Pweza wa Bara

Bado nasema Pokhara. Lakini kwa tarehe zake nimekubali, arudi siku nyingine.

Mama Zuhura

Mwishoni mwa Oktoba ni wakati mzuri, mvua za masika ya huko zimeshapita na anga limeoshwa. Machi na Aprili moshi na vumbi ni vingi. Ila angalia kalenda: sikukuu za Dashain na Tihar hufuata mwandamo wa mwezi, na huangukia kati ya Septemba mwishoni na Novemba. Dashain watu wanarudi makwao, madereva ni wachache na maduka yanafungwa. Tihar ni taa milangoni kila usiku, na ikikukuta Bhaktapur shukuru.

Kiguu na Njia

Basi nimepanga hivi. Alhamisi Nagarkot, chumba cha kaskazini. Ijumaa Changu Narayan bila haraka, kisha Bhaktapur na kulala. Jumamosi asubuhi Bhaktapur, mchana Pashupatinath, jioni Boudhanath na kulala karibu na hapo, Jumapili uwanja wa ndege. Wakala amekubali kugeuza, na la maduka amesema “hakuna shida”, tutaona. Nibebe nini?

Mjukuu wa Fundi Mawe

Koti, Nagarkot alfajiri ni baridi kali hata Oktoba. Rupia taslimu za viingilio. Pashupatinath na Boudhanath nako unalipa. Viatu vya kuvuliwa upesi, utavivua mara nyingi. Mkanda wa ngozi uache hotelini, kuna mahekalu hawaruhusu ngozi ndani.

Bwana Ramani

Na Bhaktapur kula juju dhau, mtindi mzito wa kwenye kibakuli cha udongo. Nunua kwenye kiduka ambacho wenyeji wanapanga foleni, si kile chenye bango la lugha nne.

Chausiku

Changu Narayan kutoka maegesho kuna ngazi za mawe zinazopita kijijini. Si nyingi, lakini kwa magoti hayo mwambie dereva asiwe na haraka na wewe.