Maumivu ya tumbo la chini miaka mitatu, vipimo vyote "safi". Aanzie wapi?

Upendo_M
Habari za humu. Mdogo wangu, miaka 26, tumbo la chini linamuuma miaka mitatu sasa. Zamani ilikuwa siku za hedhi tu, siku hizi hata katikati ya mwezi, na akienda choo kubwa ndiyo balaa. Ultrasaundi mbili zimesema kizazi kiko sawa. Zahanati kila mara ni UTI au taifodi, nyumbani wanasema chango. Endometriosisi inapimwaje?

Nesi_Kinamama
Dada, ultrasaundi safi haiiondoi. Ugonjwa huu ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo. Ikiwa vidoa tu, ultrasaundi haivioni. Inachokiona vizuri ni uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Alipimwa juu ya tumbo au ukeni? Cha ukeni kinaona zaidi, ila mpimaji aambiwe anatafuta nini, aangalie kama ovari zinateleza au zimenasa. Hayo maumivu ya choo kubwa msiyafiche, ndiyo yanayomwelekeza kutazama nyuma ya kizazi. Kipimo cha damu cha CA-125 msikitupie hela, hata hedhi yenyewe hupandisha majibu yake.

Maabara_Pembeni
Mimi hiyo UTI ya kila mwezi ndiyo inanitia shaka. Linganisheni tarehe za majibu na za hedhi. Mkojo ukikingwa siku zile, damu inaingia kikoponi, kijiti kinaonyesha damu na protini, anaandikiwa antibayotiki. Arudie hedhi ikishakauka: ajisafishe, wa kwanza aumwage, akinge wa katikati, na uoteshwe maabara kuona kama kweli kuna bakteria. Kipimo kimoja cha damu cha Widal nacho hakithibitishi taifodi. Na kama alikuwa akioga mitoni au madimbwini, iwe Kanda ya Ziwa au Pemba, ataje. Kichocho hufika hadi njia ya uzazi.

Upendo_M
Asanteni sana. Daktari kasema ajaribu vidonge kwanza, bila upasuaji. Ni sawa?

Nesi_Kinamama
Ni sawa, kama hatafuti mimba kwa sasa. Laparoskopia (kuchungulia ndani ya tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo) na kipande kupelekwa maabara bado ipo, ila mwongozo wa Ulaya wa 2022 haulazimishi kuanzia hapo. Hutumika vidonge vya majira mfululizo bila wiki ya mapumziko, au dienogesti, kidonge cha homoni kisicho na estrojeni, miligramu 2 kila siku, kisha wanatathmini baada ya miezi mitatu hivi. Akiwa na kipandauso cha kuona vimulimuli, aseme mapema. Vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni havimfai. Akipata nafuu haijathibitisha kitu, asipopata haijakanusha, kwa hiyo aweke daftari: tarehe, maumivu 0 hadi 10, upande gani, choo, mkojo, tendo la ndoa, dawa aliyomeza na saa.

Maabara_Pembeni
Nyongeza: hedhi ikichelewa halafu maumivu yakaja ghafla upande mmoja, daftari liwekwe kando. Kipimo cha mimba na hospitali siku hiyohiyo, huenda mimba imetunga nje ya kizazi.