Pauni 85 kwa kifaru kilichopinda, halafu naambiwa "ndiyo tabia ya rezini"!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo natapika. Anayetaka kuniambia "mtu mzima unalilia mdoli" apite tu, nyuzi ziko nyingi.

Nipo huku Uingereza, na starehe yangu nikitoka zamu ni kuunga na kupaka rangi vifaru vidogo vya michezo ya vita vya anga za mbali. Cha kwanza kilikuwa Rhino ya Games Workshop, wale wa Nottingham. Jina kifaru, gari lenyewe kifaru. Nilicheka peke yangu. Plastiki safi: unakata vipande kwenye fremu, unapitisha ile gundi inayoyeyusha kingo, vinashikana kama vilizaliwa pamoja. Nikazoea vibaya.

Safari hii nikaingia kwa kakampuni fulani, jina nalihifadhi, nikachukua kifaru cha rezini, ule utomvu wa kiwandani unaomiminwa ukiwa majimaji kisha ukaganda. Kwenye picha, acha kabisa. Kufungua boksi: ubavu wa kushoto umepinda kama ndizi. Nikaulaza juu ya kioo, sarafu ya pauni ikapita chini yake bila kugusa. Mdomo wa mzinga una viputo vya hewa kama uso wa chapati. Minyororo, mchoro unaonyesha vipande 8, mimi nimehesabu 7, nikapekua hadi kwenye takataka.

Nikawaandikia. Jibu: ndiyo tabia ya rezini, chovya kwenye maji ya moto unyooshe.

Jamani, maji ya moto nayajua! Nimechovya, nimenyoosha, nimeubana katikati ya vitabu. Usiku umenyooka, asubuhi ndizi imerudi. Na rezini naijua. Inamiminwa kwenye kalibu za silikoni, kalibu zinachakaa, na kipande kikitolewa kabla hakijakomaa kinapinda. Hapo tabia ni ya nani, ya rezini au ya mwenye haraka zake?

Langu nalikiri. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, niliipuliza nje siku ya unyevunyevu, ikakauka na chengachenga kama msasa. Nikavaa barakoa (vumbi la rezini usilivute, ndugu yangu), nikasugua, nikarudia, sikumlaumu mtu. Vipande nilikuwa nimeviosha kwa sabuni kutoa mafuta ya kalibu, wasije wakanisingizia na hilo.

Ndiyo, nimeshakipaka rangi. Ningekaa nakitazama mpaka lini? Kijani kibichi tabaka mbili nyepesi, kingo nimezipitishia kijani cha mpauko kwa ncha ya brashi, chini nimekitia matope ya kahawia hadi unataka kunawa mikono. Kazi ya rangi sijawahi kufanya nzuri kama hii, na ndiyo inaniuma zaidi. Kipo kwenye rafu kimelalia upande kama daladala iliyojaza abiria mlangoni, na pale pengo la mnyororo. Jana mke wangu kaingia chumbani, hakusema rangi nzuri. Kasema, "Baba Asha, mbona hiki kimeng'oka jino?"

Leo asubuhi wamenijibu tena. Kipande cha nane hawana. Pesa hawarudishi kwa sababu nimeshapaka rangi. Ila kwa usumbufu nilioupata, wamenipa punguzo la asilimia 10.

Nikinunua kingine. Kingine!