Mrejesho: ile insha ya chakula na utandawazi

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza naanzaje utafiti wa insha ya chuo kuhusu chakula na utandawazi. Asanteni sana! Aliyesema nichague chakula kimoja tu ndiye aliyeniokoa. Nilichukua rolex, chapati yetu ya Uganda ya kukunjia mayai: chapati ililetwa na Wahindi, ngano nyingi tunaagiza nje, na vita vya Ukraine vya 2022 vikapandisha bei. Kufuatilia marejeo ya makala moja nzuri nako kulinisaidia. Mahojiano ndiyo yaliyonishinda. Muuzaji wa Wandegeya, hapa Kampala, mikono imejaa unga, alinijibu, "Nunua kwanza, ssebo," yaani bwana. Nilinunua mbili, nikaandika bei bila tarehe, mhadhiri akanikata alama. Nimepata 68.