Mbona neva hutoa kemikali papo hapo, ilhali insulini hutoka kwa muda mrefu?

Mdadisi:
Habari zenu. Nimesoma kwamba neva hutoa asetilikolini (kemikali ya kupitisha ujumbe), na seli za beta za kongosho hutoa insulini, kwa njia ileile: vifuko vilivyojaa kemikali huungana na utando wa seli na kumwaga nje kilichomo. Hata hivyo, neva huanza kumwaga kabla haijatimia milisekunde moja tangu kalsiamu iingie, ilhali insulini huendelea kutoka kwa muda mrefu baada ya mlo. Ikiwa njia ni moja, tofauti hii inatoka wapi?

Mwanafiziolojia:
Mtambo wa kuunganisha tando ndio unaofanana. Kifuko kina protini iitwayo sinaptobrevini, na utando wa seli una sintaksini na SNAP-25. Protini hizi tatu hujisokota pamoja mfano wa nyuzi za kamba, na msokoto huo huvuta tando mbili hadi zikashikana. Kalsiamu, ambayo katika seli iliyotulia ni haba takriban mara 10,000 kuliko ilivyo nje, ikiingia hunaswa na sinaptotagmini, protini nyingine ya kifuko, na hapo ndipo kifuko hufunguka.

Tofauti imo katika maandalizi. Kwenye ncha ya neva, vifuko vyenye kipenyo cha nanomita 40 hivi huwa vimekwisha kushikizwa utandoni, jirani kabisa na milango ya kalsiamu, kwa hiyo havina safari ya kwenda. Vifuko vya insulini ni vikubwa zaidi, na ni sehemu ndogo tu iliyo tayari utandoni. Hiyo hutoka katika dakika 10 hivi za mwanzo, na vingine hulazimika kusogezwa kutoka ndani ya seli, jambo linalorefusha utoaji. Isitoshe, glukosi lazima kwanza ivunjwevunjwe ili kuongeza ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli), milango ya potasiamu ifungwe, ndipo ile ya kalsiamu ifunguke.

Kuna jambo jingine ambalo binafsi naliona kuwa la msingi mno. Neva hurudisha utando wa kifuko ndani na kukijaza asetilikolini hapohapo kwenye ncha. Insulini ni protini, hivyo kifuko kikishamwagwa, kingine chenye insulini mpya hutengenezwa upya kupitia vifaa vya Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini.

Mdadisi:
Nashukuru sana. Je, ilithibitishwaje kwamba protini hizo ndizo zinazofanya kazi hiyo?

Mwanafiziolojia:
Ushahidi wenye nguvu ulitokana na sumu za bakteria. Sumu ya pepopunda hukata sinaptobrevini, na sumu ya botulini ya aina A hukata SNAP-25. Protini ikishakatwa, vifuko hubaki vimejaa na utoaji hukoma. Botulini huzuia neva zinazoamuru misuli, nayo ikalegea. Pepopunda huzuia neva za uti wa mgongo zinazotuliza misuli, nayo ikakakamaa. Mwaka 2013 Rothman, Schekman na Südhof walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu usafirishaji wa vifuko.

Msomaji wa Tiba:
Naomba kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa wanafunzi wengi hukosea hapa: maelezo haya hayahusu homoni zote. Kotisoli, estrojeni na testosteroni huyeyuka katika mafuta na hupenya utando zenyewe, hivyo seli haiziweki akiba katika vifuko. Kiasi kinachotoka hutegemea kasi ya kuziunda.