MREJESHO: Skana ya zamani imekubali kwenye laptop mpya

Wakuu, niliuliza namna ya kutumia skana ya picha ya enzi za Windows XP kwenye laptop ya Windows 11. Imekubali. Asanteni mliosema niachane na CD yake.

Shida ni draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na skana). Iliyopo ni ya biti 32, na Windows ya biti 64 haiipokei hata uibembeleze vipi. Msipoteze muda hapo.

Chukua fleshi ya GB 16, iandikie Ubuntu (mfumo endeshi wa bure, tofauti na Windows) kwa programu ya Rufus, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb, itaorodhesha vifaa vya USB. Skana isipoonekana, kagua waya na umeme: hizi nyembamba hula umeme wa USB peke yake, kwa hiyo chomeka kwenye laptop moja kwa moja, usipitie hub. Ikionekana:

sudo apt install sane-utils simple-scan
scanimage -L

Amri ya pili hutaja skana iliyopatikana. Ikitajwa kwa sudo (ruhusa ya msimamizi) tu, ni suala la ruhusa. Isipotajwa kabisa, angalia orodha ya SANE (mkusanyiko wa draiva za skana ambao Ubuntu hutumia) kama modeli yako imo. Kama haimo, jaribu programu ya VueScan, ila toleo la bure huchafua picha kwa alama.

Halafu ile kufuli ya chini ya skana, ya kuzuia taa isisogee wakati wa kusafirisha! Ikiwa imefungwa, taa haisogei, utasikia mkwaruzo tu.

Picha ya inchi 4 kwa 6 kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ni pikseli 2400 kwa 3600, faili la picha la TIFF la karibu MB 26. Hifadhi kwenye diski ya nje, maana ukizima kompyuta vilivyobaki ndani ya Ubuntu hiyo vinafutika.